Nyumba Inayouma Watu

Jumapili, 1 Oktoba

Friji imemuuma paka leo. Siku zote hupita mbali nayo, lakini leo alikuwa amelowa mvua, akaenda kujisugua mlangoni kwake — aliruka mpaka juu ya kabati la vyombo! Baba alicheka hadi akavua miwani. Mimi sikucheka. (Nilicheka, lakini baadaye, chumbani.)

Nyaya za nyumba hii Baba alizifunga mwenyewe, sijazaliwa, na mpaka leo anajivunia. Sisi wawili tunazijua tabia zake. Friji haifunguliwi bila ndala. Ziko pale pale chini, jozi moja ya bluu: unavaa, unatoa mayai, unavua. Swichi ya jikoni inabonyezwa kwa mwiko. Na nikitaka kupiga pasi nguo za wateja sharti nipaze sauti, "Pasi!", Baba achomoe sufuria ya umeme ya wali, la sivyo mji mzima wa Salatiga unawaka isipokuwa sisi. Tangu Mama afariki, hayo ndiyo mazungumzo yetu makubwa ya mchana.

Mchumba wangu, Mas Wibi, kapiga simu tena kutoka Balikpapan, anataka tarehe ya harusi. Nikamjibu kama mwezi uliopita: siendi kuvuka bahari nikamwachia mzee wa miaka sabini na mbili nyumba inayouma. Nyaya zibadilishwe kwanza, ndipo nitaje tarehe. Akasema sawa. Mwanamume mvumilivu yule, mpaka anaudhi.

Jumanne, 3 Oktoba

Fundi umeme kaja asubuhi, Pak Jumadi, na mkoba wake. Baba hakumkataa. Baba hajapata kumkatalia mtu kitu usoni maisha yake yote. Kamkaribisha, kamkalisha, chai, tempe ya soya ya moto ya kukaanga, kisha habari za njiwa wake, wale tetere — yupi ana sauti, yupi kagoma kulia tangu mwezi wa saba. Na fundi mwenye adabu hawezi kuinuka kabla mwenyeji hajasema haya, tuanze. Mwenyeji hakusema. Adhuhuri Pak Jumadi kaaga. Mkoba haukufunguliwa hata zipu.

Alhamisi, 5 Oktoba

Kaja tena. Tempe tena. Leo ilikuwa hadithi ya enzi za Baba akiendesha lori la maziwa. Lori lilichelewa kufika Semarang, na hadithi ikachelewa vilevile. Pak Jumadi ameanza kunenepa.

Alipoondoka nikamuuliza Baba kama hataki nyaya zibadilishwe, aseme tu.

Akashangaa. Nani kasema hataki? Anataka sana!

Haya. Nimeshona vifungo vya blauzi ya mteja upande usiofaa kwa hasira.

Jumamosi, 7 Oktoba

Kesho wanakuja kuposa rasmi. Mas Wibi keshafika kwa mama yake, Bu Sulastri. Nimefagia, nimepiga deki mara mbili, sakafu inang'aa. Mgongo sina.

Jumapili, 8 Oktoba

Sijui nicheke au nione aibu. Niandike hivyo hivyo.

Wageni walifika kwa wakati, wakavua viatu mlangoni kama watu wenye heshima zao. Viatu vimepangwa, vizuri, safi. Na sisi wenyeji, kwa kufagia kote kule, hakuna aliyekumbuka maana yake! Posa ikasemwa, ikajibiwa. Baba alizungumza vizuri mno, hata nikamwonea fahari. Kisha Bu Sulastri, kuonyesha kwamba sasa ni ndugu, akajiendea jikoni kusaidia. Peku. Juu ya sakafu niliyoipiga deki tena asubuhi, bado ina unyevu. Nami nimebeba sinia la vikombe, namwona ananyoosha mkono kwenye friji kabla sijapata pa kuliweka.

Akashika. Akasimama wima, macho yakamtoka. Halafu akaachia, akaweka skafu yake sawa, akatabasamu.

"Friji yenu ina baridi kweli, mwanangu."

Baridi! Nikamwambia ndiyo, mama, tumeizidisha kidogo. Akaenda kukaa mbali na ukuta, mikono mapajani, hakugusa tena kitu cha nyumba hii isipokuwa keki.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Aliona kila kitu. Wageni walipoondoka akakaa kwenye kiti chake bila kuwasalimu tetere.

"Angekuwa na moyo dhaifu," akasema, "ningekuwa nimemuua mama mkwe wako kwa mikono yangu."

Nikaanza kukusanya vikombe. Kabla sijamaliza akaniambia nimwite Pak Jumadi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Hakuna tempe leo. Pak Jumadi kapanda darini moja kwa moja. Plastiki ya nyaya inapukutika ukiigusa. Kila kiungo kimefungwa plasta ya vidonda — plasta! Baba akajitetea kutoka chini kwamba plasta za zamani zilikuwa imara.

Kisha Pak Jumadi akaniita nipande nione. Boriti imeungua. Si sana, ukubwa wa kiganja, nyeusi tii. Ipo juu ya kitanda changu kabisa. Niliishika ile mbao kwa kiganja kizima. Nimelala chini yake tangu niko shule ya msingi. Baba akauliza tumeona nini huko. Nikasema panya tu.

Niliposhuka aliona masizi mkononi mwangu. Hakuuliza tena. Alinipeleka bombani akaninawisha mwenyewe, taratibu, kidole kwa kidole. Niliogopa atalia, nami ningelia.

Jumatano, 11 Oktoba

Umeme umezimwa kutwa, kuta zinachimbwa, vumbi mpaka kwenye chumvi. Cherehani imelala. Tukakaa nje na Baba, hatuna la kufanya. Akalisema mwenyewe, anawatazama tetere.

"Nilijua nyumba ikipona utaondoka. Ulisema mwenyewe. Basi nikawa namnywesha chai yule fundi."

Nikacheka, kisha nikalia, kisha nikamkaripia kwa vyote viwili. Nikamwambia twende wote Balikpapan. Akasema tetere hawapendi ndege. Nikamkumbusha kwamba hao nao ni ndege. Akasema ndiyo maana, wanajua hatari yake.

Ninampenda mzee huyu, na amenichosha.

Ijumaa, 13 Oktoba

Imekwisha! Nyaya mpya, waya wa ethi umefukiwa ardhini, mita imeongezwa nguvu, na ukutani kuna kidude kinachokata umeme chenyewe ukivuja. Tumeishika friji peku, mimi na Baba, zamu kwa zamu. Kimya. Baba aliishika muda mrefu, kama anamjulia hali mgonjwa.

Pasi, cherehani, sufuria ya wali, vyote pamoja — umeme haukukatika. Nimepiga pasi asubuhi nzima bila kusema neno na mtu. Baba alikuwa kwake na redio, mimi kwangu. Mara moja nikajikuta nimeita "Pasi!" kwa mazoea. Akaitikia kutoka chumbani kwamba siku hizi hakuna haja.

Jumamosi, 14 Oktoba, alasiri

Pak Jumadi kaja kukagua mara ya mwisho. Kapima soketi zote, kafunga mkoba, kauliza mbele yetu sote wawili kama kuna pengine pamebaki. Kama hapana, yeye kazi yake imekamilika.

Baba akanitazama. Akasema nyumba imepona, mwenye nyumba ameridhika, binti ataje tarehe yake. Alisema vizuri, kama alivyosema siku ya posa.

Na mimi — mimi niliyepigia kelele nyaya hizi mwaka mzima! — nikasikia mdomo wangu unasema, "Na banda la kuku je?"

Pak Jumadi akasema banda la kuku halina waya hata mmoja. Nikamjibu ndiyo shida yenyewe, kuku wako gizani. Akamgeukia Baba amwokoe. Baba akajikuna kidevu, akafikiri kama mtu aliyeulizwa jambo la maana, akasema kweli, usalama ni usalama, na kazi ya namna hiyo haitaki haraka.

Simu inaita hapa mezani. Ni Mas Wibi. Pak Jumadi yuko uani anapima banda. Banda lenyewe linanifika kiunoni, na Baba amemshikia ngazi.