Kipande Ambacho Vidole Kumi Hakukipiga

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, na zikukute umekaa, siyo umesimama juu ya ngazi na mashine ya kuchomelea mkononi, maana nakujua, barua unaifungua popote inapokukuta. Kaa kwanza. Afya yako je? Macho je? Mama anauliza kama ile miwani ya kazi unaivaa machoni au unaibandika kichwani kama pambo. Huku kwetu tuko wazima. Goti la mama asubuhi linagoma, likishapata moto linakubali. Mimi mwili mzima, ila nina hasira tangu Jumamosi, na hata kula nakula kwa kugombana na sahani.

Najua unashangaa kuona barua ndefu kutoka kwangu. Miaka miwili sasa simu zetu ni "mzima?", "mzima, mpe mama", basi. Sikulaumu. Tuligombana kwa ajili ya gitaa kama watoto wanaogombania mto, ukaondoka, ukaliacha la kwako juu ya kabati, na mama anasema huko hujagusa jingine. Kaka, nataka urudi kupiga. Hilo ndilo linaloniandikisha. Lakini nina neno gumu la kukuambia kabla ya hapo, na nikilitanguliza utaichana karatasi. Kwa hiyo niache nianzie kwenye tamasha, maana huko ndiko neno lenyewe lilikoanza kunidai.

Vidole Kumi alikuja. Ndiyo, yule yule, wa kanda ya marehemu mjomba. Niliona tangazo ukutani, picha yake na gitaa, na chini wameandika kwamba atapiga peke yake, bila bendi. Nilirukaruka pale njiani mpaka muuza magazeti akaniuliza kama nimeng'atwa na kitu. Peke yake! Yaani ule ubishi wetu wote ungeisha siku hiyo. Unakumbuka ulivyosema kwamba kile kipande cha katikati ya wimbo wa tatu, sauti moja inapanda huku nyingine inaijibu chini chini, kinapigwa na watu wawili. Ulisema ulikwenda kusimama katikati ya spika mbili za kinyozi, ukasikia gitaa moja sikio hili na jingine sikio lile. Ukasema, "Ana vidole kumi, hana ishirini." Mimi nikakuambia mvivu hakosi sababu, na kwamba unamwonea wivu mtu asiyejua hata kama umezaliwa. Kwa kinyozi sikwenda. Sisi redio yetu ilikuwa ya spika moja, sauti zote zilitoka mlango mmoja, na mimi nilichosikia kwenye ile redio ndicho nilichokishika kama kiapo. Miaka sita, kaka, nimevunja kucha nikijaribu kupiga sauti zote mbili kwa mkono mmoja. Hata nilipoupata ule wimbo kwenye simu, niliusikiliza kwa spika ya simu, nayo ni tundu moja tu.

Kwa hiyo nitakuwa mkweli, sikwenda tamasha kwa mapenzi peke yake. Nilikwenda na simu imejaa chaji, nimrekodi akipiga kile kipande peke yake, nikutumie bila maneno yoyote, ukae nacho huko.

Tiketi niliipata kwa njia ya kazi. Fundi wetu alipewa kazi ya kushona mito ya viti vya wageni wakubwa, mito mia mbili ya rangi ya zambarau, na sisi watatu wa pale karakana tulishona mpaka ncha za vidole zikakosa hisia. Walipokuja kuichukua wakatupa tiketi moja kila mtu kama asante. Mimi nikadhani, mtu aliyeshona viti atakosa pa kukaa? Nilikosa, kaka. Tiketi zetu zilikuwa za kusimama nyuma ya kamba. Nilisimama kuanzia saa nane mchana nikiangalia watu wanakalia mshono wangu, na mmoja akakalia mto kichwa chini, zipu juu, nikashindwa hata kumwambia.

Ratiba ilisema saa tisa. Saa tisa akapanda mshereheshaji. Huyo mshereheshaji sijui alilipwa kwa neno? Alitusalimia kwa makundi, waliovaa nyeupe, waliovaa nyeusi, waliokuja na wachumba, waliokuja kutafuta. Kisha wakapanda wadhamini, kila mdhamini na hotuba. Kisha vipaza sauti vikaanza kulia kama filimbi, fundi mitambo akawa anakimbia huku na huku na waya shingoni, kila anachogusa kinazidi. Mbele yangu jamaa mmoja alimpandisha mwanawe mabegani, na mtoto mwenyewe alikuwa na puto. Nikamwomba kwa adabu. Akaniambia mtoto naye ni shabiki. Shabiki alikuwa amelala.

Karibu saa kumi na moja ndipo Vidole Kumi akatoka. Kaka, hasira zote zilinishuka kwa dakika tano. Ni mfupi. Picha zinadanganya, mimi nilidhani ni mtu mrefu. Ana mvi, shati limepigwa pasi na mtu anayempenda. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaegemeza sikio kwenye gitaa, akakaza uzi mmoja. Wimbo wa kwanza nililia. Wa pili nililia na kucheka. Mtoto wa puto aliamka.

Akaanza wa tatu. Nikanyanyua simu. Akaingia katikati, ile sauti ya juu ikapanda vile vile, safi, nywele zikanisimama. Halafu pale panapotakiwa jibu, hakupiga kitu. Mguu wake ulikuwa unahesabu chini, mkono umetulia juu ya nyuzi. Kimya. Akapiga tena sauti ya juu, akaacha tena. Jamaa wa mbele akamwambia mkewe mzee amesahau. Mwingine akasema ni uzee, vidole vimebaki saba. Watu wakacheka. Mimi nilipandwa na kitu kichwani, nikapiga kelele mpaka mlinzi akageuka: "Kipige chote!" Hakunisikia, au alisikia. Alimaliza wimbo na yale mashimo yake, akapiga nyingine mbili, akainama, akaondoka. Dakika arobaini. Safari yote, mito mia mbili, miaka sita, halafu kile nilichokifuata ndicho akakiacha.

Sikukubali kwenda nyumbani. Nilizunguka nyuma ya jukwaa, kwenye uzio wa mabati ambako magari yanapakia vyombo, nikamwambia mlinzi mimi ni wa mito. Hakuelewa lakini sauti yangu ilimchosha, akaniacha nisimame langoni. Vidole Kumi akatoka amebeba gitaa lake mwenyewe, anamtafuta dereva, amekunja uso. Nilitakiwa kumsalimia. Nilitakiwa kusema shikamoo, nimejifunza kupiga kutoka kwako, bila mwalimu, bila kitabu. Badala yake nikamuuliza kwa nini ameruka kile kipande.

Akanitazama kama fundi anavyomtazama mteja aliyerudisha kochi mara ya tatu. Akasema, "Sijaruka kitu, binti. Kile hakikuwa changu. Alikuwa anakipiga mwenzangu, na mimi mpaka leo sikijui."

Nikamuuliza huyo mwenzake yuko wapi, nikidhani ataniambia amekufa. Akasema yupo, mzima kabisa, anauza vipuri vya baiskeli, na hawasemezani mwaka wa kumi na tisa huu. Kisha akaongeza kwa uchungu kwamba kila anapokwenda watu wanamuuliza kipande cha mtu mwingine, na cha kwake hakuna anayemuuliza. Dereva akapiga honi, akaondoka. Sikupata hata kumshika mkono.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilipofika nilisikiliza ile video, na mashimo yale kaka, niliyajua. Nilijua kitu gani kinaingia pale, noti kwa noti, maana nimekisikia chumbani kwetu miaka mitatu mizima. Wewe ulikuwa unakipiga. Umekaa kwenye ndoo, mgongo ukutani, unapiga chini chini kila ninapovuta pumzi, na mimi nakuambia acha kuniingilia, unanivuruga, subiri nimalize. Ulikuwa hunivurugi. Ulikuwa unanijibu.

Ulikuwa sahihi, na hilo limeniuma vya kutosha. Lakini siyo hilo neno gumu. Neno gumu ni hili.

Wiki tatu kabla hujaondoka, yule mwenye bendi, huyu tunayemwita Meneja Koti kwa kuvaa koti hata jua likichemka, alikuja karakana. Alileta kochi lake la ofisini libadilishwe kitambaa. Aliponiona akakumbuka kwamba alitusikia mimi na wewe tukipiga kwenye harusi ya binamu. Moyo wangu ukaruka, nikajua bahati imenifikia mlangoni. Akasema anamtafuta kaka yangu. Siyo mimi. Akasema wapiga solo anao watatu na wote wanataka kusikika, anachokosa ni mtu wa rithimu anayejua kumsikiliza mwenzake, na mtu huyo alimwona harusini, amekaa upande wa kulia. Akaniomba nikuambie uende Jumamosi kwenye mazoezi.

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja, kaka, nikapata muda wote wa kufikiri, kwa hiyo usiseme uongo ulinitoka tu. Nikamwambia, "Kaka yangu ameacha gitaa. Hataki hata kuliona." Akasikitika, akauliza kitambaa kitakuwa tayari lini.

Jioni ile ukaniuliza. Ulikuwa umesikia mtaani kwamba Meneja Koti anatafuta watu wa mazoezi ya Jumamosi na kwamba alionekana kwetu. Nikakujibu kwamba alipita kwa ajili ya kochi, hakutaja mtu. Ukasema sawa. Halafu Jumamosi tatu mfululizo hukutoka nyumbani, umeoga, umevaa shati la maana, unajifanya unatengeneza bawaba ya mlango. Mlango wenyewe ulikuwa mzima. Mama alidhani unasubiri msichana. Mimi peke yangu nilijua unasubiri nini, na nikapita mbele yako na chai. Ulipofunga begi ukasema umeshajua kimo chako, bora ukachomelee mageti ya watu. Ule ugomvi wetu wa mwisho niliuanzisha mimi makusudi, ili ukiondoka uondoke na hasira, usiondoke na maswali.

Ndiyo hivyo. Nimeliandika mara nne, hii ya nne nimeiacha bila kufuta.

Jumatatu niliomba ruhusa kwa Fundi, nikaenda kwa Meneja Koti, pale nyuma ya ghala la matairi wanapofanyia mazoezi. Nilimweleza yote mbele ya mpiga ngoma na mpiga besi, maana alikataa kuwatoa. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Aliniambia mpiga rithimu waliye naye anapigia bendi mbili, kwao anakuja akikumbuka. Nikarukia pale pale, nikaanza kusema wewe uko tayari, unaweza kufika hata wiki ijayo, akaninyanyulia mkono. "Maneno ya kaka yako siyapokei tena kutoka kinywani mwako," akasema. "Anipigie mwenyewe." Hakuahidi nafasi, na mimi siwezi kukuahidi. Nisikudanganye mara ya pili.

Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, kwa herufi kubwa, na nyuma hapo sikuandika kitu kingine chochote, ili ukitaka kuikata na kuitupa barua iliyobaki, uweze.

Mama hajui. Nimejaribu kumwambia mara tatu, kila mara naishia kumuuliza chumvi iko wapi. Ukiona inafaa ajue kutoka kwako, mwambie, sitakataa hata neno. Anakusalimu sana, na anasema ukinunua viatu vya kazi usichukue vya kubana. Fundi naye anakusalimu, na binamu, na mkewe, ambaye sasa ana mapacha, na wote wanalia kwa zamu.

Mimi usinijibu kwanza. Mpigie yeye kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano