Mama Mkwe Ameipata Blogu Yangu

Shosti, nimekwisha. Mama mkwe ameisoma blogu yangu. Ameisoma!

Ile tovuti ya kutafutia blogu imeongeza mambo mapya. Siku hizi inaweka picha ya mwandishi kando ya kila jibu. Yeye alikuwa anatafuta dawa ya vipele vya mtoto, akakutana na sura yangu!

Na chini yake: "Mama mkwe ananiogeshea mtoto kama anafua jinzi."

Nikakimbilia kufuta. Nimefuta kabisa! Kumbe na hilo ni jipya, wanatunza nakala ya ulichofuta. Akaifungua mbele yangu, miwani puani, mwanangu kamlaza begani, akasoma kwa sauti.

"Jinzi, eti?"

Jinzi, shosti!

Nikasema, "Mama, nisamehe." Akamhamishia mtoto bega la pili. Na unajua ndiye anayebaki na mtoto nikienda darasani. Mtihani ni leo jioni. Nimwachie nani?

Sasa hivi kaniita. Nikajua ananirudishia mtoto. Wapi! Anataka nimwoneshe kitufe kipya cha kupata taarifa kila nikiandika. Nimembonyezea mwenyewe.

"Haya, nenda kwenye mtihani," akasema. "Ukirudi uandike. Nasubiri."

Niko mlangoni na begi langu. Niandike nini?