Mwanasesere wa Kilo Tatu

Mama, mwaka umetimia tangu ulipofumba macho, na nyumba hii bado haijazoea kukosa mtu wa kuigombeza.

Ulikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi kwa miaka thelathini na moja. Chai ulikunywa ikiwa imeshapoa. Hukumruhusu mtu yeyote, hata Baba, kumshika mtoto mchanga kabla hajanawa mpaka viwiko. Ulikuwa mpole kwa mama mwenye uchungu kuliko ulivyokuwa kwetu sisi uliotuzaa. Tumeshakusamehe.

Gazeti limetukataza kumtaja jina mkuu wako wa wodi, basi tutamwita ulivyomwita wewe: Bwana Cheti. Semina gani ilimpita mtu yule? Siku tano ukumbini, feni juu, soda mezani, picha ya pamoja mwishoni, kisha anarudi na begi jipya na cheti kingine cha kutundika ukutani. Mtoto mchanga hakumgusa tangu enzi hizo wewe ukiwa na meno yote.

Mafunzo hukuyadharau. Uliyadharau yale yanayoishia ukumbini. Miezi mitatu baada ya semina moja uliwapa wenzako maswali yale yale ya siku ya kufunga. Aliyepata tisini akapata arobaini. Bwana Cheti alikataa hata kushika kalamu.

"Mimi nimeshafuzu, dada."

"Umefuzu karatasi, kaka. Mtoto akigoma kupumua utamwonyesha cheti?"

Ndipo ukashona mwanasesere kwa shuka kuukuu, ukamjaza mchanga mpaka mizani ikasoma kilo tatu, na kifuani ukamwekea mfuko wa nailoni uliotokea mdomoni. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu, kila muuguzi alimlaza, akamweka shingo sawa, akamfunika mdomo na pua kwa kifaa cha kupumulishia, akakamua. Kifua kisipoinuka, anarudia. "Umemkunja shingo! Anza tena!" Yule muuguzi mdogo kuliko wote ulimliza Jumatatu nne mfululizo.

Wiki moja baada ya kukuzika, Bwana Cheti alimtupa mwanasesere wako jalalani. Uchafu, alisema. Yule wa plastiki aliyeletwa na wafadhili yumo kabatini, bado ndani ya karatasi yake, na ufunguo anao yeye maana hataki achakae. Muuguzi uliyemliza alimwokota wa kwako, akampangusa, akaendelea na Jumatatu zake nyuma ya chumba cha kufulia.

Mwezi wa nne, mke wa mwanao wa mwisho alijifungua kwenye wodi hiyo hiyo, saa sita mchana. Mtoto hakulia. Alilegea tu. Bwana Cheti alikuwa karibu, na mtu huyo mwenye vyeti kumi na kimoja alimshika mjukuu wako miguu, kichwa chini, akamchapa makofi! Kisha akaagiza aletewe kitabu cha semina. Kitabu, Mama!

Muuguzi wako alimpiga kikumbo, akampokonya mtoto, akamlaza, akakamua. Kifua hakikuinuka. Mkweo alimsikia akijikaripia kwa ukali ule ule wako: "Umemkunja shingo. Anza tena." Akaanza tena. Kikainuka. Mtoto akalia, na muuguzi naye akalia, kwa mara ya tano.

Bwana Cheti ameliandika jambo hilo kwenye ripoti yake kuwa ni matunda ya semina. Juzi alituletea barua ya kukukumbuka, yenye mhuri. Tumemjibu nyuma ya karatasi hiyo hiyo maneno mawili: Fungua kabati.

Mwanasesere wako tumemwazima leo tu, kesho Jumatatu anarudi kazini. Tumempima, bado ana kilo tatu. Mjukuu wako alizaliwa na kilo hizo hizo. Leo ana nane na nusu.

Unakumbukwa na mumeo, wanao wanne, wakwe zako, dada yako, wajukuu zako wote pamoja na huyu uliyemwokoa bila kumwona, na muuguzi mmoja ambaye sasa ni wa nyumbani.

Hutatutoka moyoni, Mama. Tunanawa mpaka viwiko.