Siku Tatu za Chatu wa Depo

Jumatatu, tarehe 7 Septemba 1953

Bila miye, Kasongo ingekufa njaa. Si majivuno. Bwana agronomu, mukubwa wa kilimo, akienda Kabambare, nani anabaki na funguo za depo ya mbegu? Miye, Sumaili, kapita, musimamizi wa kazi zake. Hata chifu akitaka punje moja ya mupunga, lazima apite mbele yangu.

Mwaka jana panya walitumaliza! Walitoboa magunia, mbegu hazikutosha, watu wa Lusangi wakakaa na mashamba matupu. Mwaka huu — kimya. Sababu yake ni chatu. Aliingia mwezi wa sita, analala kwenye kona, nyuma ya magunia. Anapita lori ya bwana kwa urefu. Nimemupima mwenyewe kwa hatua zangu.

Leo karani Fidèle amemuona. Alitoka mbio, kalamu ingali sikioni. Sasa anataka kumuua, ngozi ashonee viatu vya ndoa. Eti ile si nyoka, kapita, ile ni jozi tatu za viatu! Nikamuambia aanze kwanza na ngozi yangu. Akasema yangu imechakaa.

Jumanne, tarehe 8

Fidèle amekuja na vijana watano, na mapanga. Mama Ernestine, jirani, naye analilia bata zake, eti chatu anazimeza. Bata zote ziko! Nikasimama mulangoni. Nikawaeleza nilivyoshika chui kwa mukia kule Nyangwe, nikamuzungusha mara saba, akaangukia ng'ambo ya muto Lualaba. Mumoja akauliza: juma lililopita si zilikuwa mara nne? Watu hawana adabu.

Lakini maneno ya chui hayawezi kushika mulango siku nyingi. Mbegu zinagawiwa juma lijalo. Mupaka pale chatu lazima abaki. Nikaenda kwa mwalimu Alimasi, anayesomesha watoto Kurani nyuma ya musikiti. Akasema sheria iko wazi: nyoka aliyekaa ndani ya nyumba hauawi hivi hivi. Anaonywa kwanza, atoke kwa amani. Anapewa siku tatu. Akikaidi, basi, anauawa. Na mwenye funguo ndiye anayemuonya, uso kwa uso, kwa sauti.

Mwenye funguo — miye!

Fidèle ni mukristo, lakini baba-mukwe wake ni mutu wa musikitini. Akawaambia vijana washushe mapanga. Saa kumi nikawaambia wote wakae mbali, nyoka haonywi mbele ya kelele. Nikaonya. Kuta zilitetemeka.

Jumatano, tarehe 9

Feza, mutoto wa dada yangu, anapepeta mbegu mule ndani. Anapita karibu na chatu kila siku, ungo kichwani, anaimba. Nikamuuliza kama nyoka anaonekana anafunga mizigo. "Mujomba, amelala tu. Amemeza panya mukubwa, tumbo limekuwa kama lako siku ya Idi."

Nimefyeka njia toka tundu la nyuma mupaka kijito. Mbegu zikishatoka, aende zake kwa heshima. Mufanyakazi hafukuzwi kwa panga.

Alhamisi, tarehe 10

Chatu yuko palepale. Fidèle amepimwa miguu kwa fundi viatu. Apimwe! Sitoi funguo.

Ijumaa, tarehe 11

Tumetoka kusali alasiri. Mbele ya depo — Fidèle, vijana, mapanga, hata fundi viatu na kamba yake ya kupimia! Mwalimu Alimasi akaja. Fidèle anasema siku tatu zimeisha, kapita, fungua.

Nikatazama mulango. Nikaona kichwani mwangu panya wakirudi, na wale mama wa Lusangi wakirudi kwao na vikapu vitupu. Bwana harudi mupaka Jumapili. Chui wa Nyangwe hakunisaidia.

Nikasema: hazijaisha. Hazijaanza.

Namna gani? akauliza Fidèle.

Nikajibu: nilimuonya toka nje, nyuma ya ukuta. Na sauti ilikuwa ndogo.

Loo! Fundi viatu aliangusha kamba. Feza alicheka mupaka akakaa chini. Fidèle: "Huyu ndiye wa chui!" Mwalimu peke yake hakucheka. Akasema onyo ambalo halikufika si onyo. Zianze upya, leo, mupaka Jumatatu. Lakini sasa kapita aingie, asimame mbele yake, na sisi tusikie toka mulangoni.

Vema. Jumatatu bwana atakuwa amerudi, nami nitamuonyesha magunia yasiyo na tundu hata moja. Chatu amepona siku tatu. Nimemuponya miye, kwa aibu yangu mwenyewe. Nitaingia. Nimesema nitaingia!

Ile ya kumupima kwa hatua — hapana, si kweli. Tangu mwezi wa sita sijakanyaga mule depo. Feza ndiye anaingia, miye nafungua na kufunga.

Wako kule wananingoja. Nimewaambia narudi nyumbani kidogo, nimesahau funguo. Feza amenifuata, anaita toka uani: "Mujomba, nikushike mukono?"

Funguo ziko mufukoni. Ziko mufukoni tangu asubuhi.