Kabati Linalonukia Pilau

Somo yangu Mwanaidi,

Assalamu alaikum, wewe uliyetutangulia. Masika imekwisha na misahafu yetu yote ni mizima. Nimeanza na hilo maana ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kunijulia hali ya mguu.

Ulipofariki, ufunguo wa kabati la madrasa nikakabidhiwa mimi. Niliogopa, somo. Unaijua mvua ya huku kwetu juu ya Matombo, ikishika wiki nzima hata kandambili zinaota kuvu. Na humo kabatini umo msahafu wako wa tangu utotoni. Ukiharibika tutauzika kwa heshima, ndivyo inavyopasa. Lakini mwaka huu nilikwisha kuzika. Sikutaka tena.

"Pamba kidogo, matone mawili, yasiguse karatasi." Hayo ndiyo maneno yako. Nikashuka Mkuyuni, nikanunua mafuta ya karafuu kwa wale akina mama wanaochemsha majani na kukinga mvuke. Nikatia mawili. Kisha nikawaza, aa, mwenyewe hayupo, hii kuvu itanidharau. Nikamimina chupa nzima.

Na ilikuwa Ramadhani! Alasiri watoto wamekaa na swaumu zao, nafungua kabati, ni pilau tupu. Mjukuu wako Shamsa akainua pua: "Bibi Mwajuma, mmepika bila kutuambia?" Mzee Kondo mwadhini, unavyomjua hacheki, akapita akinung'unika: "Mwenzio alitutunzia misahafu, wewe unatutia majaribuni." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia, maana wa kumsimulia ni wewe, na wewe ndiye…

Haya. Idi ilipopita nikaikagua yote, ukurasa kwa ukurasa. Wako nikauacha mwisho. Hauna doa hata moja, alhamdulillahi.

Na ile chupa ya mafuta ya nazi uliyonitilia karafuu ndani yasichache, kama yale uliyokuwa ukijipaka mwenyewe, mpaka leo hayajachacha. Nimejipaka asubuhi hii ndipo nikashika kalamu.

Pumzika, somo yangu. Mola alinawirishe kaburi lako. Masika ijayo nitatia matone mawili kama ulivyonifunza. Ila Shamsa ananing'ang'ania nimimine tena chupa nzima, eti ile ndiyo harufu ya bibi yake. Nimemkatalia. Nimemwahidi tone moja la ziada, na atalidondosha yeye.

Somo yako,
Mwajuma