Mtoto wa Kuitwa Naftali

Ruwais, Jeddah
3 Februari 2025

Dada Nyambura,

Hujambo huko Naseem? Madam wako hajakumaliza kwa kazi ya pasi? Mimi mzima kama ngamia, ila sura nimemshinda. Hapa tunapooshea magari wateja wanauliza Lewis yuko wapi, kana kwamba nilizaliwa na sabuni mkononi.

Nasikia unasomea ushauri nasaha kwa simu. Haya daktari, nipe dawa. Mimba ya mke wangu Mitchelle ina miezi sita, hospitali wamesema ni kijana, na ukoo mzima unanipigia: kifungua mimba abebe jina la babu yake, ndiyo desturi. Yaani nimwite Naftali, jina la baba! Nikimwita mwanangu aje anywe chai, mgongo wangu usikie mkanda. Mzee yule alinitoa kidato cha pili kwa kichapo. Mafi Naftali, hakuna. Halas, basi.

Mdogo wako mtanashati,
Lewis

Naseem, Riyadh
16 Februari

Mdogo wangu,

Mimi niko salama, ingawa miguu inavimba. Unakula vizuri? Umenichekesha nikiwa peke yangu, napiga pasi mashati ya watu.

Swali lako limeangukia kazi yangu ya darasani: nilinganishe nadharia mbili za nafsi. Wale wa uchanganuzi nafsi wanasema mtu hujengwa utotoni. Maumivu huyazika ndani asikokuona, nayo humwendesha. Wangesema humkatai Naftali wa leo, unamkimbia wa zamani. Wale wa mkondo wa utu wanasema mtu si makovu yake tu; akikubaliwa alivyo, bila masharti, hukua na kujichagulia. Hao wangekuuliza: unataka kuwa baba wa namna gani? Mimi nina jina la nyanya aliyekuwa akitukana kuku. Je, nimekuwa yeye?

Halafu ujue, mzee siku hizi anampelekea Mitchelle maziwa kila asubuhi.

Dada yako

Ruwais
2 Machi

Dada mpendwa,

Salamu za Ramadhani; magari yote yanakuja baada ya futari na mikono imechubuka. Miguu yako je? Na ndiyo, umekuwa nyanya kabisa, waulize kuku.

Nadharia zako nimezielewa kuliko mwalimu wako. Wale wa kwanza ni mafundi: gari likikohoa wanashusha injini nzima kutafuta bolti iliyolegea tangu kiwandani. Wa pili wanasema gari ni zima, lipeni barabara. Andika hivyo tugawane cheti. Ila wote hawajaonja mkanda wa mzee. Maziwa! Aliyetoa maziwa ni ng'ombe, si yeye.

Mitchelle analia nichague jina. Nimemwambia asubiri, nitatoa jina zito la kimataifa, na asimruhusu mtu mwingine. Laini ya nyumbani nimeizima, ukoo umenichosha. Yalla, niende, kuna Lexus inaniita.

Lewis wako

Naseem
20 Machi

Lewis,

Sijui nikusalimie vipi. Simu yako haipatikani, nimeituma hii kwa simu ya mwenzako wa chumba, Robinson.

Mtoto alikuja kabla ya wakati wake. Aliishi hadi jioni. Pasta alifika kumbatiza, akauliza jina. Mitchelle akasema baba yake hajasema. Wakakungoja. Karatasi ya hospitali imeandikwa "Mtoto wa Mitchelle". Mzee ndiye aliyembeba hadi nyumbani, hakukubali kupokewa.

Mazishi ni Jumamosi. Msalaba ni mtupu. Niambie jina.

Dada

Ruwais
20 Machi

Dada,

Mshike Mitchelle kwa niaba yangu. Mwambie nimesikia.

Nimemwomba kafili, mwajiri wangu, ruhusa ya kusafiri. Akauliza aliyekufa anaitwa nani. Nikasema hana jina bado. Akaniambia nirudi kazini.

Nilikuwa na majina mengi ya kuringia, sasa hata moja halitoki mdomoni. Aliyembeba ndiye ampe jina. Hata likiwa lake.

Lewis

Naseem
23 Machi

Mdogo wangu,

Umekula? Robinson anasema hutanii tena wateja.

Mitchelle amenisimulia mazishi. Walimwambia mzee aandike Naftali, ni haki yake. Akakataa. Akachukua brashi mwenyewe akaandika LEWIS. Wazee wakanung'unika: tangu lini mtoto akapewa jina la baba yake mzazi? Kazi yangu ya darasani imelala. Sijui mzee nimweke upande gani.

Walipobaki wawili, Mitchelle alimuuliza kwa nini.

Akasema, "Yule Lewis mkubwa sikuwahi kumwita vizuri."

Dada yako,
Nyambura