Duane Amekwenda Busasamana

Yaya Feza,

Nakuandikia simu ikiwa mapajani. Leo asubuhi wamemfungulia Duane mlango wa ghala kwa mara ya kwanza, ametoka, na sasa ni saa tisa mchana hawajanipigia. Nimeshindwa kufua. Hata rozari imenishinda, nilifika katikati nikasahau nilipo. Bon, nikasema acha nimwambie dada yangu mkubwa, maana paka ni wako na hofu umeniachia mimi.

Tulipokwisha kukuzika, mwenye nyumba alitupa mwezi mmoja tutoe vitu vyako. Kitanda na masufuria vilipata watu siku ileile. Paka hakupata. Kwangu haikuwezekana, unajua kifua cha Baba Josué, nywele mbili tu za paka na kinaanza kupiga filimbi. Na nilikuwa na lile neno lako la hospitali: "Umutafutie fasi muzuri, lakini wasimufunge kamba." Nakumbuka siku ulipomleta kutoka Nyamyumba, kamba ya wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, imemwingia kiunoni mpaka kwenye nyama. Akapona, akaanza kukagua kila kikapu kilichoingia nyumbani kama watu wa forodha pale mpakani Grande Barrière, ukamwita Duane, yaani forodha kwa Kifaransa. Lakini kubebwa, hata na wewe, hakukubali tena.

Yaya, nilikosea. Nilitafuta mtu mwenye mapenzi. Nikampa Mama Espérance wa kwaya, aliyelia alipomwona. Watoto wake wakambeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Siku ya tatu akampasua mmoja shavu. Nilipofika nilimkuta amefungwa kwenye mguu wa meza. "Ni kwa mapenzi, Mama Josué, azoee nyumba!" Nilimfungua mwenyewe, naye akaniuma. Nikaona nimestahili.

Halafu akaja mzee Semana, anayenunua viazi kwa wakulima wa Busasamana na kuviweka ghalani. Panya wanammaliza. Hakusema pole ya msiba, hakumshika hata mkia. Aliuliza tu, "Anapenda kulala juu ao chini?" Nikasema juu, si unajua alivyokuwa analala juu ya masanduku yako. Kesho yake akanipigia kwamba ameshapigilia ubao chini ya paa, nimlete. Nikamuuliza, "Lakini utamupenda?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, mi siko namuoa! Natafuta paka ya kuingia na kutoka."

Nilimpeleka kwa moto, pikipiki ya abiria, yeye ndani ya gunia. Wamama wa soko walikuwa wameniambia nizungushe gunia mara tatu njiani ili asahau njia ya kurudi. Nikawajibu mimi ni mtu wa Yesu. Tulipotoka mjini nikamwambia dereva asimame, nikashuka, nikazungusha. Mara moja tu, polepole. Nimeshatubu, Yaya, lakini wazo haliniachi: kama leo anatafuta njia ya kurudi, ni mimi niliyemvurugia. Na mpaka uko karibu pale, yeye anajua wapi Rwanda inaishia?

Wiki mbili alikaa amefungiwa ghalani, bila kamba, ajue harufu ya pale. Nilienda mara tatu. Nilimwita kwa ule mluzi wako wa kumwita arudi nyumbani, anashuka mbio kutoka kwenye ubao, ananipita, anasimama mbele ya mlango. Mara ya tatu mzee akanivuta pembeni. "Mama, ukishaenda, anakaa siku mbili hakule. Unamuita, anafikiri munarudi nyumbani." Nililia njia yote, dereva akadhani nimefiwa leo.

Nimesali hivi: Bwana, kama ni kosa, liwe langu, lisiwe la paka. Sijui kama sala ya namna hiyo inaruhusiwa.

Yaya, ngoja. Simu.

Ni mzee. Anasema amerudi. Alitoka saa moja asubuhi, amepita kwenye mashamba, amerudi na matope mpaka tumboni, amekula na amepanda juu. Mlango bado uko wazi. Nikauliza, "Haonekani kama ananitafuta?" Mzee akaenda kumchungulia. "Hapana, Mama. Iko nalala."

Nimeweka simu chini, nimemshukuru Mungu kwa sauti, na moyo umeniuma hapohapo, vyote viwili pamoja. Nilitaka apate kwake. Nilitaka pia, kidogo tu, anikumbuke.

Pumzika, dada yangu, Bwana akutunze huko uliko. Na nakuahidi hivi, ingawa inanigharimu: Busasamana nitaenda bado kununua viazi, nitamsalimia mzee kutoka barabarani. Nikimwona Duane juu ya ukuta wa ghala nitamwangalia mpaka nishibe. Lakini sitapiga mluzi.

Mdogo wako,
Mama Josué